Walaji wa Mfupa na Amri Yao

Mwaka jana bibi yangu wa Koboko alijikwaa kizingitini, na kwa anguko dogo tu nyonga ikavunjika. Jamaa wakaanza kumnong'ona jirani mmoja kwamba amemloga. Mimi nilimwuliza mwalimu wetu wa elimu ya viumbe hapa Ediofe, naye akanipa kitabu nisome mwenyewe.

Mfupa si jiwe. Zimo seli zinazoujenga na seli zinazoula. Walaji hao huitwa osteoklasti. Asili yao ni uboho, nao ni wa ukoo mmoja na baadhi ya seli nyeupe za damu. Seli kadhaa huungana zikawa moja kubwa yenye viini vingi, ikajibandika juu ya mfupa na kuuyeyusha kwa asidi. Msidhani ni adui. Fundi akitengeneza ukuta wenye ufa huondoa kwanza matofali mabovu. Mtu mzima hufanya upya kama sehemu moja katika kumi ya mifupa yake kila mwaka.

Lakini ni nani aamuruye walaji wazaliwe? Hapo ndipo niliposhangaa, maana amri hutoka kwa wajenzi, na kwa ndugu zao waliozikwa ndani ya mfupa. Hutoa protini iitwayo RANKL. Bila hiyo seli changa hazigeuki kuwa walaji. Tena wajenzi hao hao hutoa protini nyingine, osteoprotegerini, iliyotangazwa mwaka 1997, ambayo huinasa RANKL njiani. Basi idadi ya walaji hutegemea ipi imezidi. Hata kalsiamu ikipungua damuni, tezi nne ndogo za shingoni hupeleka homoni yao kwa wajenzi, nao ndio huongeza RANKL.

Estrojeni, homoni ya kike, huzuia amri hiyo isipite kiasi. Mwanamke akikoma hedhi estrojeni hupungua sana, na walaji huongezeka. Mlaji huchimba shimo kwa majuma machache, mjenzi hutaka miezi kulijaza, hawezi kumfikia. Bibi amepita miaka sabini.

Tangu 2010 iko dawa, denosumabu, inayoinasa RANKL, sindano moja kila miezi sita. Ikiachwa hivi hivi walaji hurudi kwa wingi, hata pingili za mgongo huweza kuvunjika, kwa hiyo asiyeweza kuendelea nayo afadhali amwulize daktari kabla ya kuanza.

Likizoni nilimweleza bibi haya yote kwa Kikakwa. Alinyamaza kitambo, kisha akaagiza yule jirani aitwe aje kunywa chai.