Giaboksi Ikigoma Mlimani
Kijitabu cha elimu kwa wamiliki, madereva na wanunuzi wa Noah wilayani Rungwe

Noah ndiyo inayomfikisha mgonjwa Makandana, inayompeleka mama wa ndizi sokoni Kiwira, na inayomrudisha mwalimu Lwangwa basi likishaondoka. Wapo waliouza ng'ombe wawili watatu na shamba la chai wakainunua ili iwalishe. Ndiyo maana giaboksi inapokufa hasara haibaki gereji. Hesabu ya siku inakatika, mkopo wa kikundi unaendelea kudai, na dereva anahamia kwa tajiri mwingine.

Malalamiko tunayoyasikia yanafanana. Gari limenunuliwa likiwa zima, au lilionekana hivyo, na baada ya muda mfupi gia zinachelewa kushika, gari linanguruma bila kusogea, kisha siku moja linagoma kabisa kwenye kilima. Fundi anasema, "Giaboksi imekwisha, tafuta ya mtumba." Mwenye gari anauliza alipe nani: yeye, aliyemuuzia, au kiwanda kilicholitengeneza. Wote watatu wanaweza kuwa na sehemu yao. Kazi ya kijitabu hiki ni kukusaidia kujua ipi ni ya nani kabla hujaanza kugombana.

Mlima unafanya nini

Ziwa Nyasa liko takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko juu ya mita 1,500, na ukiendelea kupanda hadi Isongole unavuka kimo hicho kwa mbali. Gari linalotoka Kyela asubuhi na abiria kwenda Uyole hupanda karibu safari nzima. Noah ilitengenezwa kwa familia ya Kijapani, viti saba au nane, barabara laini. Huku inabeba watu kumi na zaidi, na magunia ya viazi juu. Idadi ya abiria iliyozidi kibali ni kosa la usalama barabarani hata kama giaboksi ni mpya; hilo tuliseme na tuliache hapo.

Giaboksi ya otomatiki haina klachi ya kukanyaga. Nguvu ya injini hupita kwenye oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayobana klachi za ndani, inayolainisha na inayopoza. Mzigo ukizidi na mwendo ukiwa mdogo, oili huchemka. Oili iliyochemka mara nyingi hupoteza uwezo wa kubana, klachi zinaanza kuteleza, na kuteleza kwenyewe kunazaa joto zaidi. Aina inayoitwa CVT haina gia za meno za kupanda moja baada ya nyingine. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Ni laini na inaokoa mafuta, lakini mkanda ukiteleza hata kidogo unazikwaruza puli, na puli iliyokwaruzika hairudi kuwa nzima.

Jua unayo ipi

Usikisie kwa umbo la taa. Noah za zamani, SR40 na SR50, zilizoanza kutoka mwaka 1996, injini yake iko chini ya viti vya mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. AZR60, iliyoingia mwaka 2001, inavutwa na magurudumu ya mbele. ZRR70, ya mwaka 2007 hadi 2014, ni ya CVT. Kwa gari lolote la Toyota la Kijapani fungua boneti utafute kibati chenye maandishi ya kiwandani. Penye neno TRANS/AXLE pana herufi na namba. Zikianza na K, hiyo ni CVT. Zikianza na A au U, ni otomatiki ya kawaida. Kusoma kibati hicho ni kazi ya dakika moja, nayo ndiyo inayoamua oili gani iingie.

Hapo kwenye oili ndipo magari mengi yanapofia. Utasikia kijiweni kwamba oili nyekundu ni oili nyekundu. Si kweli. Otomatiki za Toyota za miaka hiyo nyingi zilitengenezewa oili ya Type T-IV, za baadaye WS, na CVT zina oili yake yenye alama ya TC au FE. Ukimimina T-IV kwenye CVT, gari litawaka na kuondoka kama kawaida. Litaondoka wiki hii na wiki ijayo. Mkanda utakuwa tayari umeshaanza kuteleza, na siku litakapogoma fundi aliyemimina atakuwa amesahau. Omba uone kopo kabla halijafunguliwa, na risiti iandikwe aina ya oili, si neno "haidroliki" peke yake.

Kupima oili kuna utaratibu wake, na wengi wanaipima vibaya. Gari liwe limetembea mpaka limepata moto, lisimame pasipo na mwinamo (Tukuyu hapo lazima utafute), injini iwe inanguruma. Pitisha gia zote polepole kutoka P hadi mwisho, urudi P, ndipo uchomoe dipstiki, uifute, uirudishe na kusoma alama ya moto. Oili nzuri ni nyekundu inayopitisha mwanga. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, klachi zimeanza kuliwa. Ukipangusa kwa kitambaa cheupe na kuona chembe zinazong'aa, chuma kinasagika. Baadhi ya magari ya CVT hayana dipstiki. Hayo hupimwa na fundi mwenye kifaa, kwa joto maalumu la oili, gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa.

Kuna jambo moja ambalo watu wa kwetu hawalihusishi na giaboksi: maji ya radieta. Katika magari mengi bomba la kupozea oili ya giaboksi limepita ndani ya radieta. Konda anapojaza maji ya kijito badala ya kulenti, kutu inaota, na baada ya muda bomba linatoboka ndani kwa ndani. Maji yanaingia kwenye oili. Ukichomoa dipstiki ukakuta oili imepauka na kuwa nzito kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, zima gari hapohapo. Usilipeleke gereji kwa kuliendesha, hata kama gereji iko ng'ambo ya barabara.

Dereva, haya ni yako

Kuteremka na gia ikiwa N ili kuokoa mafuta ni mazoea mabaya kuanzia Isongole hadi Kasumulu. Breki zinabaki peke yake, zinapata moto, na unaporudisha D gari likiwa kasi giaboksi inapokea kishindo. Teremka na gia ya chini, iwe L, 2, S au B kulingana na gari lako. Unapopanda na mzigo, zima O/D ikiwa unayo. Taa ya O/D ikianza kumweka yenyewe, gari linakuambia kuna hitilafu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta yake; nenda ukapimiwe kwa mashine kabla hujaruhusu mtu yeyote kufungua giaboksi. Mara nyingine ni waya au sensa.

Gari likigoma, angalia linavyovutwa. Otomatiki ikiburuzwa kwa kamba injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili haizunguki na vyuma vya ndani vinasagana vikavu. AZR60 au ZRR70 inyanyuliwe magurudumu ya mbele; SR40 inyanyuliwe ya nyuma. Yenye kusukuma magurudumu yote manne ipakiwe nzima nzima. Wapo waliofika Mbeya na kasoro ndogo iliyogeuka kubwa njiani kwa sababu ya kamba.

Kiwanda kinapokiri

Viwanda hukosea, na vikubwa hukosea kwa mamilioni. Mwaka 2004 Honda iliyaita nyuma magari yapatayo milioni 1.1 nchini Marekani, yakiwemo magari ya familia aina ya Odyssey, kwa sababu gia ya pili ilikuwa inapata joto kupita kiasi, meno yake yakiweza kukatika na giaboksi kujifunga gari likiwa mwendoni. Mwaka 2009 Nissan ilichukua njia nyingine kwa CVT zake huko Marekani. Haikuyaita magari, iliongeza muda wa dhamana ya giaboksi hadi miaka 10 au maili 120,000.

Tofauti ya njia hizo mbili ndiyo inayowachanganya wamiliki. Gari huitwa nyuma pale kasoro inapohatarisha maisha. Giaboksi inayochakaa mapema na kukutia hasara, bila kuhatarisha uhai, mara nyingi haifikii kiwango hicho, hata kama wenye magari elfu wanalia kilio kimoja. Japani kuna ngazi tatu: kuliita gari kwa sababu ya usalama, marekebisho ya kasoro isiyovunja kanuni za usalama moja kwa moja, na huduma ya hiari ya kuboresha ubora. Kwa hiyo ukiambiwa gari lako "halina rikoli", yaani halijaitwa nyuma, haina maana kwamba kiwanda hakijawahi kutoa marekebisho yoyote juu yake. Uliza ngazi zote tatu.

Viwanda pia havikiri vyenyewe siku zote. Mwaka 2000 ilibainika kuwa Mitsubishi Motors ilikuwa imeficha malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miaka 20. Malalamiko yalikuwepo, yameandikwa, yamefungiwa kabatini.

Sasa, tatizo la mwenye gari wa Rungwe ni kwamba barua ya kiwanda humwendea mwenye gari aliyesajiliwa Japani. Gari likifutwa usajili na kupakiwa melini kuja Dar es Salaam, mlolongo wa barua unakatika. Hakuna atakayekutafuta. Inabidi utafute mwenyewe, na ufunguo ni namba ya chesisi. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ya tarakimu 17. Yana herufi za modeli, kistari, kisha tarakimu, mfano AZR60 ikifuatiwa na namba. Iko kwenye kadi ya gari na imegongwa kwenye chuma. Toyota ina ukurasa wa Kijapani wa kutafutia kasoro kwa namba hiyo, na kijana yeyote mwenye simu yenye kutafsiri anaweza kukusaidia. Pia ipeleke kwa maandishi kwa wakala rasmi wa aina ya gari lako nchini. Anaweza kukujibu kwamba gari hakuliuza yeye, na kwa dhamana ya kawaida atakuwa na hoja. Lakini kama ni kasoro ya usalama, dai jibu la maandishi.

Aliyekuuzia

Tuseme wazi: kesi nyingi za giaboksi tunazozisikia si za kiwanda, ni za muuzaji na za mnunuzi aliyeona haya kukagua. Kenya imeweka ukomo wa miaka minane kwa magari ya mtumba yanayoingia. Tanzania inayaruhusu yenye umri mkubwa zaidi na kuyatoza ushuru wa uchakavu. Gari la miaka 15 hulipati kwa bahati mbaya. Umelichagua kwa bei yake, na bei hiyo ilipaswa kubakiza fungu la matengenezo.

Hata hivyo sheria haikukuacha mtupu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo auze kitu chenye ubora unaostahili kuuzwa. Jirani anayeuza gari lake moja habanwi hivyo, ila akikudanganya kwa makusudi kuna sheria ya mikataba. Angalia mambo mawili. Ukishakagua gari, kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona huwezi kuidai baadaye. Na maneno "limeuzwa kama lilivyo" kwenye hati ya mauzo yanaweza kukupunguzia haki. Usiyatie saini kwa haraka kwa sababu dalali ana mteja mwingine kwenye simu.

Jaribu gari likiwa baridi, asubuhi, kabla muuzaji hajaliwasha. Weka D kisha R huku umekanyaga breki. Likichelewa sekunde kadhaa au likipiga kishindo, ondoka. Kisha lipande. Kutoka Tukuyu hadi Isongole kutakuonyesha mengi kuliko kuzungushwa stendi. Omba karatasi ya mnada ya Japani, ulinganishe kilomita zake na zinazoonekana kwenye dashibodi.

Ukilalamika

Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji na ina vifungu vya usalama wa bidhaa, pamoja na kuziondoa sokoni zenye hatari. Wakazi wa Rungwe wanahudumiwa na kanda ya Nyanda za Juu Kusini. Kwa gari la abiria lenye leseni, LATRA nayo inahusika na ubora wa chombo. Asiye na uwezo wa wakili aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, Rungwe au Busokelo, kuhusu watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya sheria ya mwaka 2017.

Ofisi hizo haziwezi kufanya kazi na maneno ya mdomo. Andika ukurasa mmoja: namba ya chesisi, tarehe na mahali uliponunua, kilomita siku hiyo, siku dalili ilipoanza, aina ya oili iliyowekwa na nani aliweka. Ambatisha nakala ya hati ya mauzo, risiti za gereji na matokeo ya mashine. Usimruhusu fundi kuitupa wala kuiuza chuma chakavu giaboksi iliyotolewa mpaka shauri limalizike. Kama kijiweni kwenu kuna wengine wenye modeli ileile na tatizo lilelile, andikeni pamoja, kila mmoja na chesisi yake, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.