Usimfiche Kocha Bega

Wadogo zangu, wiki hii nimepata barua tatu kutoka mtaa mmoja, Tassia, na zote tatu ni za besiboli. Nilipokuwa nikikua hapo hapo, mchezo wa kugonga mpira na kukimbia tuliuita raunda, na uwanja wetu ulikuwa kipande cha udongo mweusi kati ya ploti mbili, pahali ambapo leo pana jumba la ghorofa saba na kamba za nguo kila roshani. Mvua ikinyesha, mpira ulizama kwenye tope na mchezo ukaishia hapo. Kwa hivyo kusikia kwamba watoto wa leo wana glavu, gongo na kocha kumenifurahisha sana.

Barua ya kwanza ndiyo iliyonikosesha usingizi, na ndiyo itakayochukua nafasi kubwa. Wale wengine wawili mnivumilie.

Imeandikwa na msichana wa miaka 16. Yeye ni mrushaji. Bega la kulia linamuuma kwa wiki mbili sasa. Akiinua mkono kuchana nywele anasikia kitu kikichoma kwa ndani. Uteuzi wa timu ni wiki tatu zijazo. Anasema: "Dada, nikimeza dawa ya maumivu asubuhi ya uteuzi, kocha hatajua. Nikikosa nafasi hii sijui nyingine itakuja lini. Na tafadhali usiniambie nimwambie mama."

Mdogo wangu, usimeze dawa hiyo ukaenda kurusha. Dawa ya maumivu haitibu bega. Inamnyamazisha mlinzi wakati mwizi yumo ndani ya nyumba. Maumivu ndiyo yanayokuambia mkono ufike wapi na usipite wapi. Ukishayazima, utarusha kwa nguvu zote juu ya jeraha, na jioni dawa ikiisha utajua ulichojifanyia. Halafu kuna jambo ambalo huenda hakuna aliyekueleza. Katika umri wako mifupa huenda bado inakua. Karibu na kiungo cha bega pana sehemu ya mfupa ambayo kabla ya kukomaa huwa gegedu, laini kuliko mfupa wenyewe, na kurusha tena na tena huivuta kila siku. Mtu mzima huumia misuli na kano. Mtoto anaweza kuumia pale pale mfupa unapokulia. Dawa yake kubwa ni kuacha kurusha kwa muda.

Umenitajia kwamba shule zilipofungwa mlirusha kila jioni wiki nzima na hakuna aliyehesabu. Hapo ndipo penye shida. Marekani, ligi kuu ya besiboli na chama cha USA Baseball wana mwongozo uitwao Pitch Smart. Mrushaji wa miaka 15 au 16 asizidishe mara 95 kwa siku, na akifikisha mara 76 apumzike siku 4 kabla ya kurusha tena. Wa miaka 11 na 12 mwisho wao ni 85. Huhitaji mashine ya kuhesabia. Mpe mdogo wako vifuniko vya soda, awe anatoa kimoja kutoka mfuko huu kutia mfuko ule kila unaporusha.

Najua unachoogopa, kwa sababu nilikiogopa mimi. Nilikuwa kidato cha pili, mkimbiaji wa kutegemewa wa timu ya raunda. Siku nne kabla ya mechi na shule jirani nilitegua kifundo cha mguu nikiruka mtaro. Usiku nilijifungia bafuni nikaukanda mguu kwa maji moto na chumvi kwenye karai, nikaufunga kwa kipande cha leso ya mama, asubuhi nikavaa soksi mbili juu yake. Mwalimu aliponiuliza mbona natembea vile, nikamwambia kiatu kinabana. Siku ya mechi niligonga mpira vizuri, nikafika kituo cha kwanza, nikafika cha pili. Kati ya cha pili na cha tatu mguu uliniachilia. Nilikaa na plasta wiki sita. Plasta nimeisahau. Ambaye sijamsahau ni msichana aliyekuwa kwenye benchi siku ile, mzima wa afya, mwenye mbio kunizidi, amekaa na sare yake iliyopigwa pasi akinitazama nikianguka katika nafasi ambayo ingekuwa yake. Hata siku moja sikumwomba msamaha.

Basi kesho mazoezi yakianza, mwendee kocha kabla hujavaa glavu, umwambie hivi: "Kocha, bega la kulia linaniuma wiki mbili sasa nikiinua mkono. Sitarusha mpaka lionwe na daktari. Lakini naweza kukimbia, naweza kudaka kwa kushoto, na naomba unihesabu kwenye timu." Hayo tu. Usilie, usijitetee. Kocha mwenye akili atakuheshimu kwa maneno hayo kuliko kwa mpira wa kasi utakaorusha ukiwa umeuma meno.

Kisha ukaonwe, iwe ni hospitali ya Mama Lucy au kituo cha afya kilicho karibu nanyi. Ikiwa maumivu yanakuamsha usiku, bega limevimba, vidole vinakufa ganzi au mkono haupandi kabisa, nenda leo, usingoje. Na daktari akisharuhusu mazoezi, toa ile blada mliyokuwa mkiruka mkiwa wadogo. Ifunge kwenye kitasa cha mlango, simama wima, kiwiko kibane ubavuni kimekunjwa, uvute mkono kwenda nje polepole, uurudishe polepole zaidi. Ukisikia ule mchomo, acha. Misuli midogo inayozunguka kiungo ndiyo inayolishika bega mahali pake, na haipendi pupa.

Unasema hujui nafasi nyingine itakuja lini. Sitakudanganya kwamba nafasi zimejaa kama matatu za jioni. Lakini tazama majirani zetu Uganda. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilishinda nafasi ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya Little League, ikanyimwa viza. Walikuwa wameshashinda uwanjani. Wakafuatwa na timu ya Langley ya Kanada, ile ambayo wangecheza nayo kule: watoto wale walipanda ndege Januari 2012 wakaja Uganda kucheza mechi iliyokosekana, na Uganda ikashinda 2-1. Agosti mwaka huo watoto wa Lugazi wakafika Williamsport, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Wale wa 2011 nafasi yao haikurudi kwa njia waliyoitarajia, lakini ilirudi, na iliwakuta na mikono mizima.

Na nyinyi mnaokaa kwenye ngazi mkipiga gumzo la nani ameumia kabla ya msimu, mnajua visa hivi. Machi 2023 Edwin Díaz, wakati huo mrushaji wa New York Mets, aliumia goti akiruka na wenzake kushangilia ushindi wa timu yake ya taifa, Puerto Rico, dhidi ya Jamhuri ya Dominika. Hakuwa hata akirusha. Msimu wote ukampita, na 2024 akarudi kazini. Tommy John, mrushaji mwingine, alikatika ukano wa kiwiko cha kushoto 1974. Daktari Frank Jobe akachukua ukano wa mkono wa pili akauhamishia pale. Mwaka 1975 hakucheza mechi hata moja, 1976 akarudi, akacheza mpaka 1989 na kushinda mechi nyingine 164. Lakini wewe, mrushaji wangu, mtu ninayetaka umfikirie ni Shohei Ohtani. Alipasuliwa kiwiko Septemba 2023, na msimu wote wa 2024 hakurusha mpira hata mmoja kama mrushaji. Akashika gongo. Akapiga homurani 54, yaani yale mapigo ya kuzunguka vituo vyote, na kuiba vituo 59, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwa pamoja katika msimu mmoja. Kurusha alirudi Juni 2025. Alikuwa na kazi nyingine ya kuipa timu yake wakati mkono unapona. Yako ni ipi? Miguu unayo, macho unayo. Kaa nyuma ya mdakaji ujifunze kuwasoma wapigaji: nani anahama mguu mapema, nani anafumba macho.

Barua ya pili ni ya mvulana wa miaka 14 anayekaa karibu na pale tunapopaita Taj Mall hadi leo, ingawa jengo lilibomolewa 2018. Yeye hupiga hewa. "Nikizungusha gongo nguvu zote, mpira unapita tu."

Shida ni hizo nguvu zote, tena ziko mikononi. Umewahi kufyeka nyasi kwa slasha shuleni? Anayefyeka kwa mikono huchoka baada ya dakika tano. Anayejua hugeuza kiuno kwanza, mikono ikafuata, na slasha ikapita kama imetelezeshwa. Gongo ni hivyo hivyo. Miguu ipanuke kuzidi mabega kidogo, magoti yalegee, uzito uwe mguu wa nyuma. Mpira ukija, piga hatua fupi ya mbele, nyonga igeuke, kisha mikono. Gongo lishikwe kwa vidole, lisizame kiganjani, maana ukilikaba kama mpini wa jembe viganja vinakuwa vigumu na mpira umeshapita. Kichwa kisifuate gongo. Wengi wanaopiga hewa huwa wameinua uso kutazama mpira utakapoangukia kabla hawajaugonga.

Kwa macho nina zoezi ambalo halitakugharimu kitu. Jamhuri ya Dominika, nchi ndogo iliyojaza wachezaji kwenye ligi kuu ya Marekani, watoto wana mchezo uitwao vitilla: mpini wa ufagio badala ya gongo, na kifuniko cha mtungi wa maji badala ya mpira. Kifuniko kikirushwa hupinda na kuyumba hewani, na ukizoea kukigonga, mpira utauona mkubwa kama chapati. Tassia vifuniko vya mitungi ya lita 20 viko kila duka la maji. Chezeni chini, uani, watoto wadogo wakae mbali. Paani msipande. Hilo nalisema kama dada na silirudii.

Na ikiwa nafasi ni shida kabisa, ulizia Baseball5. Watano kwa watano, wavulana na wasichana pamoja, uwanja wa mita 21 kwa 21, mpira wa raba unaoupiga mwenyewe kwa kiganja au ngumi. Hakuna gongo, hakuna glavu. Ukiupitisha juu ya uzio bila kudunda umetoka, kwa hivyo vioo vya majirani viko salama. Mchezo huu umo kwenye ratiba ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, Olimpiki ya kwanza kabisa kufanyika Afrika.

Barua ya tatu ni fupi na jibu langu ni fupi. Kijana wa kazi anaamka saa nane usiku kutazama mechi kwa simu huku akichati na kaka yake aliye Marekani, na ameanza kuwawekea pesa chipukizi anaodhani wataingia kwenye kikosi cha 26. Ndugu yangu, mechi za Februari na Machi kule Arizona na Florida ni za majaribio. Mrushaji mkubwa anaweza kukubali kupigwa akiwa anajaribu mpira mpya. Wafuate chipukizi kwa mapenzi. Wafuate Waganda wetu, Umar Male na Ben Serunkuma waliosajiliwa na timu ya Dodgers 2022, na David Matoma aliyesajiliwa na timu ya Pirates mwaka uliofuata. Ila kumbuka Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa 2008 na akaingia uwanjani kwenye ligi kuu Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza kufika huko. Miaka yote hiyo nauli yako ya kwenda kazini itakuwa imeliwa na kampuni za kamari.

Nirudi kwako, mrushaji wangu. Umeniomba nisikuambie umwambie mama, na hilo ndilo ombi moja ninalolikataa. Usiku huu akikaa kuchambua sukuma, kaa karibu naye, uanze kumsaidia kwa mkono wa kushoto. Atakuuliza mbona. Vua sweta, sogea kwenye taa, mwonyeshe hilo bega.