Somo la Jikoni: Mboga za Ganda Kavu kwa Eafraya, Bila Karai la Mafuta

Mkazi wa Kwale, kuanzia Ukunda hadi Lunga Lunga, jioni haikamiliki bila kitu cha kukaanga. Kuna viazi karai, bhajia, mihogo na kachori. Ni vyakula vyetu na somo hili halikuja kuvipiga marufuku. Limekuja kwa sababu ya jambo moja ambalo kila mpishi analijua: mafuta ya karai hayamwagwi. Nusu lita ya mafuta ni pesa, kwa hivyo yanachujwa na kurudishwa jikoni kesho, na keshokutwa tena. Mafuta yaliyopashwa mara nyingi hubadilika. Huwa meusi na mazito, hutoa povu, na moshi huanza mapema. Chakula kinachotoka humo kina mafuta mengi na yaliyoharibika, na ndicho anachokula mtu wa pale nyumbani mwenye shinikizo la damu au kisukari.

Kikaangio cha hewa moto, ambacho wengi hukiita eafraya, sasa kinauzwa katika maduka ya vyombo vya umeme na kimeingia katika nyumba nyingi. Waliokinunua wengi wamejaribu bhajia mara moja, zikaharibika, wakakirudisha kabatini. Tatizo si mashine. Hewa moto ina masharti yake, na mafuta yana yake. Ukiyajua masharti ya hewa, biringanya, bamia na mumunye zitatoka na ganda kavu lenye mlio, kwa vijiko viwili tu vya mafuta.

Ukimaliza somo hili utaweza:

1. kueleza jinsi eafraya inavyofanya kazi na kwa nini uji wa bhajia hauifai;
2. kupika mboga za ganda kavu za kutosha watu wanne;
3. kupiga hesabu ya umeme unaotumia;
4. kupika mboga hizo kwa makaa iwapo huna mashine.

Mashine inafanyaje kazi?

Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilianza kuuza eafraya mwaka 2010, na baadaye kampuni nyingine zikafuata. Ndani yake kuna waya wa moto upande wa juu na feni inayosukuma hewa kwa kasi. Hewa hiyo hukizunguka chakula kilicho kwenye kikapu chenye matundu na kuondoa unyevu wa juu. Sehemu ya nje ikishakauka, joto lake hupanda, nayo hugeuka rangi na kuwa ngumu. Kwa maneno mengine, ni tanuri dogo lenye upepo mkali. Haikaangi kama karai.

Hapo ndipo bhajia inaposhindwa. Uji wa unga ukitumbukizwa katika mafuta ya moto hushikana papo hapo, kwa sababu mafuta huugusa kila upande kwa wakati mmoja. Katika eafraya uji huo hubaki majimaji kwa dakika kadhaa. Hudondoka kupitia matundu, hupeperushwa na feni, na unaobaki huwa mweupe na mgumu kama gundi iliyokauka.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: hewa moto hutaka ganda lililo kavu tangu mwanzo. Ganda hilo ni chenga za mkate. Kanuni ya pili: chenga zipate mafuta kidogo. Zisipopata mafuta kabisa hubaki na ladha ya vumbi na hazigeuki rangi vizuri.

Kuchagua mboga

Adui wa ganda kavu ni maji yaliyomo ndani ya mboga. Yakipata joto huwa mvuke, na mvuke ukitoka hulilainisha ganda. Ukiwa sokoni Kombani au Ukunda, chagua biringanya ngumu, zenye ngozi inayong'aa na mbegu changa. Bamia ziwe fupi, zinazovunjika ukizikunja ncha. Mumunye iwe changa. Iliyokomaa ina maji mengi na nyuzi. Karoti, koliflawa na boga pia zinafaa.

Nyanya mbivu na mboga za majani kama mchicha na mtsunga hazifai hapa. Ziendelee kupikwa kwa nazi kama kawaida.

Tahadhari kuhusu muhogo: eafraya haiondoi sumu iliyomo katika muhogo mchungu. Muhogo mtamu umenywe, uchemshwe hadi uive na maji yake yamwagwe, ndipo ukatwe vipande na kupakwa chenga. Usitie muhogo mbichi kwenye mashine.

Mahitaji (watu 4)

- Biringanya 2 za wastani, au bamia nusu kilo
- Boflo nusu iliyolala (kama gramu 200)
- Unga wa ngano nusu kikombe
- Mayai 2
- Mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula
- Manjano na pilipili manga, nusu kijiko cha chai kila kimoja
- Kitunguu thomu punje 2, zilizopondwa
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Ndimu 1

Asiyekula mayai atumie vijiko vinne vya unga wa dengu vilivyokorogwa kwa maji hadi viwe kama uji mzito. Uji huu kazi yake ni kugandisha chenga tu. Upake mwembamba, usiwe koti kama la viazi karai.

Hatua za kupika

1. Tengeneza chenga. Kata boflo vipande, anika juani au kausha kwenye eafraya kwa nyuzijoto 120 kwa dakika 8 hadi 10. Twanga kwenye kinu au saga. Zisiwe laini kama unga; ziwe kubwa kidogo kuliko punje za mchele.

2. Zipe chenga mafuta. Weka mafuta, manjano na pilipili manga kwenye kikaango juu ya moto mdogo, mimina chenga na ugeuze kwa dakika 3 hadi 4. Rangi ikianza tu kubadilika, ipua, kwa kuwa zitaendelea kuiva ndani ya mashine. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoleta rangi sawa kila upande.

3. Toa maji kwenye mboga. Kata biringanya duara zenye unene wa sentimita 1. Nyunyiza chumvi, acha dakika 20. Matone ya maji yatatokeza juu. Yapanguse pamoja na chumvi kwa kitambaa safi. Bamia hazihitaji chumvi wala kukatwa. Zioshe nzima na uzikaushe kabisa, kwa maana bamia iliyoloa huanza kuteleza.

4. Panga sahani tatu. Ya kwanza unga, ya pili mayai yaliyopigwa pamoja na kitunguu thomu, ya tatu chenga. Usiongeze chumvi, boflo ina chumvi yake.

5. Paka. Kipande kipite kwenye unga, ukung'ute. Kiingie kwenye yai, kidondoke. Kisha kilale kwenye chenga ukikigandamiza kwa kiganja. Mkono mmoja ushike vikavu na mwingine ushike yai, la sivyo vidole vyenyewe vitapata ganda.

6. Vipumzishe juu ya sinia kwa dakika 10 ili ganda lishike.

7. Washa mashine kwa nyuzijoto 180 kwa dakika 3 ikiwa tupu. Kisha panga vipande safu moja, visigusane. Ukivirundika, hewa haitapita na utakula mboga za kuchemka. Ni afadhali kupika mara mbili.

8. Geuza katikati ya muda. Tumia koleo au uma, usitikise kikapu, maana chenga zitabanduka.

Muda wa kuanzia kwa nyuzijoto 180:

- Bamia nzima: dakika 9 hadi 11
- Mumunye, duara za sentimita 1: dakika 10 hadi 12
- Biringanya, duara za sentimita 1: dakika 12 hadi 14
- Koliflawa, vishada vidogo: dakika 12 hadi 15
- Karoti, vijiti vya unene wa kidole: dakika 15
- Muhogo uliochemshwa: dakika 12

Mashine hazifanani, kwa hivyo mara ya kwanza chungulia dakika 3 kabla ya muda kuisha. Ganda liwe na rangi ya dhahabu. Likiwa la kahawia iliyokoza, limepita kiasi na litakuwa chungu. Ukiligonga kwa uma, litoe sauti kavu.

9. Pakua juu ya wavu au karatasi, usifunike. Kamua ndimu wakati wa kula, si kabla. Kwa kuchovya, roweka ukwaju katika maji moto, chuja, tia pilipili na kitunguu thomu.

Ukipenda ladha ya Pwani zaidi, badilisha robo ya chenga kwa vipande vya korosho vilivyotwangwa. Korosho ina mafuta yake, kwa hivyo punguza mafuta hadi kijiko kimoja na joto hadi nyuzijoto 170 zisiungue. Waulize wageni kwanza kama kuna anayedhurika na korosho.

Faida, na mipaka yake

Vijiko viwili vya mafuta vina karibu kalori 240, sawa na 60 kwa kila mlaji. Biringanya ikitumbukizwa karaini hunyonya mafuta kama sponji. Isitoshe, hakuna mafuta yanayobaki ya kupashwa tena kesho, na hakuna karai la moto mbele ya watoto au chini ya paa la makuti.

Hata hivyo, mashine haibadilishi kila kitu. Boflo ni wanga, na mwenye kisukari auhesabu pamoja na ugali au wali wa mlo huo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi isiyofika gramu 5, ambayo ni takriban kijiko kimoja cha chai. Vibanzi vya pakiti vilivyojaa chumvi vina chumvi ile ile hata vikipikwa kwa hewa.

Hesabu ya umeme

Tazama kibandiko nyuma ya mashine. Tuseme kimeandikwa wati 1,500. Kupika biringanya mara mbili kwa dakika 14, pamoja na dakika 3 za kupasha, ni dakika 31. Hesabu ni 1,500 × 31 ÷ 60 ÷ 1,000, yaani yuniti 0.78 kwa kiwango cha juu kabisa.

Sasa soma ujumbe wa tokeni zako na ugawanye pesa kwa yuniti. Ikiwa, kwa mfano, shilingi 500 zilikupa yuniti 18, kila yuniti ni karibu shilingi 28, na upishi huu umekula shilingi 22. Linganisha na mafuta unayomimina karaini kwa wiki, uamue mwenyewe.

Usalama: soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Eafraya ya wati 1,500 na birika la wati 2,000 kwenye ekstensheni moja ni wati 3,500, zaidi ya ampea 14. Waya utapata moto. Ichomeke mashine peke yake ukutani, iache nafasi nyuma ili hewa itoke, na umeme ukikatika ichomoe hadi urudi na kutulia.

Kwa asiye na mashine

Pwani imejua kuoka kwa moto wa juu na chini tangu zamani. Ndivyo mkate wa sinia unavyopikwa. Chukua sufuria pana na nzito, ipashe, ipake mafuta kidogo, panga mboga zilizopakwa chenga safu moja. Funika kwa bati au mfuniko bapa. Weka makaa machache chini na mengi juu. Kila baada ya dakika 5 funua mvuke utoke, kwa kuwa hapa hakuna feni ya kuufukuza. Geuza baada ya dakika 12. Kwa dakika 20 hadi 25 zitakuwa tayari. Pikia nje au mahali penye hewa. Moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa unaua.

Kwa wauzaji wa chakula

Ganda kavu halingoji mteja. Pika kidogo kidogo, uza zikiwa moto, funga kwa karatasi iliyo wazi juu. Hotipoti na mfuko uliofungwa huzuia mvuke, na baada ya dakika 10 ganda hulegea. Zilizolegea zirudishe kwenye mashine kwa dakika 3. Mhudumu wa chakula anatakiwa kupimwa afya kila miezi 6. Muulize afisa wa afya ya umma wa eneo lako kuhusu cheti hicho.

Jipime

1. Kwa nini chenga hupewa mafuta kabla ya kupakwa?
2. Biringanya zako zimetoka laini. Taja mambo mawili ya kuchunguza.
3. Jirani anataka kutia muhogo mbichi kwenye eafraya. Utamwambia nini?

*Majibu: (1) Zigeuke rangi sawasawa na ziwe kavu zenye ladha. (2) Kama zilitolewa maji kwa chumvi na kupanguswa, na kama zilirundikwa kikapuni. (3) Auchemshe kwanza hadi uive na amwage maji yake.*

Ikiwa kuna mtu nyumbani ambaye hajapimwa shinikizo la damu au sukari kwa muda mrefu, mwombe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu ampime, au mpeleke katika zahanati iliyo karibu. Kubadilisha karai ni hatua nzuri, lakini kipimo ndicho kitakachowaambia mlipofikia.