"Mambo?" Meseji fupi yenye kazi kubwa

Somo letu la leo linaanza na neno ambalo pengine umeshalitamka mara ishirini kabla ya kengele ya mapumziko: "Mambo?" Wewe ukiulizwa hivyo unajibu "poa" na safari inaendelea. Lakini huko Kenya neno hilohilo liliwahi kufanyiwa utafiti na madaktari. Ikaonekana kwamba likitumwa kwa simu kila wiki, na nyuma yake yupo nesi anayesubiri jibu, linamsaidia mtu aendelee na dawa zinazomweka hai.

Unacheka? Subiri kwanza.

Nesi anauliza, mgonjwa anajibu

Utafiti huo uliitwa WelTel. Ulianza mwaka 2007 katika kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Walishiriki watu 538 wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa ndio wanaanza dawa za ARV. Wengi wao walikuwa wanawake, wakiwemo wa mitaa yenye maisha magumu kama Pumwani.

Waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Kundi la pili lilihudumiwa vilevile, ila kila wiki nesi aliwatumia meseji moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48. Kama yuko vizuri anaandika "Sawa". Kama kuna tatizo anaandika "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu. Na aliyekaa kimya naye alipigiwa, maana kimya nacho ni jibu.

Kabla hatujaona matokeo, tukumbushane kidogo. ARV haziui virusi vyote, zinavizuia visizaliane. Mtu akimeza leo, kesho akaruka, keshokutwa akasahau, virusi vinapata nafasi ya kuongezeka, na baadhi vinakuwa sugu, yaani dawa ile haiviwezi tena. Anayemeza vizuri kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Na mama mwenye virusi asipopata huduma yoyote, uwezekano wa kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Akipata huduma nzuri unashuka chini ya asilimia 5. Kwa hiyo tunapozungumzia "kumeza dawa vizuri" tunazungumzia mtoto pia.

Haya, matokeo. Baada ya mwaka mmoja, waliosema wamemeza dawa zao ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwenye kundi la "Mambo?" na asilimia 50 kwenye kundi lingine. Lakini mtu anaweza kusema amemeza kumbe hajameza, si ndiyo? Basi wakapima na damu. Virusi vilikuwa vimeshuka chini kabisa kwa asilimia 57 ya waliotumiwa meseji, na asilimia 48 ya wasiotumiwa.

Utaniambia tofauti ya 9 katika 100 ni ndogo. Chukua kalamu. Gawanya 100 kwa 9, unapata kama 11. Maana yake, kwa kila watu 11 wanaoulizwa "Mambo?" kila wiki, mmoja zaidi anafanikiwa kuvidhibiti virusi. Sijui wewe, lakini mimi kwa bei ya meseji naiona hiyo ni kazi kubwa mno.

Mbona meseji nyingine hazifanyi kazi?

Hapa ndipo penye utamu wa somo. Usije ukadhani simu ni hirizi.

Magharibi mwa Kenya ulifanyika utafiti mwingine wa wagonjwa 431, matokeo yakatoka mwaka 2011. Wao walitumiwa meseji za kuwakumbusha dawa, wengine kila siku na wengine mara moja kwa wiki. Waliokumbushwa kila wiki walifanya vizuri kuliko wasiokumbushwa kabisa. Waliokumbushwa kila siku je? Hawakuwa na tofauti! Meseji ikija kila siku inageuka kama kelele za jirani, unazizoea na husikii tena. Wewe mwenyewe zile meseji za matangazo ya mtandao unazisoma? Unafuta tu.

Kisha Kameruni, mjini Yaoundé, wagonjwa 200 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Nusu yao walipelekewa meseji kila wiki kwa miezi sita. Haikuonekana tofauti ya maana. Ilikuwa meseji ya upande mmoja: hospitali inasema, mgonjwa anasoma.

Mimi nionavyo, siri ya "Mambo?" ipo kwenye lile neno la pili, "Shida". Mwanamke anaweza kuacha dawa kwa sababu anamficha mume. Au hajala tangu jana na dawa zinamchoma tumbo. Au nauli ya kwenda kliniki haipo, au mtoto anaumwa. Huyo hajasahau, kwa hiyo ukimtumia "Usisahau dawa zako" unamwambia kitu anachokijua. Ukimuuliza, atakuambia shida ni ipi, na hapo ndipo msaada unapoanza.

Na tazama jambo lingine la akili sana. Neno "Mambo?" halimtaji mtu yeyote wala ugonjwa wowote. Simu ikiokotwa na shemeji, ikachezewa na mtoto au ikashikwa na mume mwenye wivu, hakuna anayejua chochote. Ingeandikwa "Umemeza ARV?" siri ya mtu ingekuwa mtaani kabla ya jua kuzama.

Zanzibar: meseji kwa mama mjamzito

Unguja nako kulikuwa na mradi uitwao Wired Mothers, mwaka 2009 hadi 2010. Vituo vya afya 24, wajawazito 2,550. Akina mama wa nusu ya vituo hivyo walipata meseji za Kiswahili kuwakumbusha kliniki na kuwaeleza dalili za hatari, na walipewa vocha ili waweze kumpigia mhudumu wa afya. Asiyekuwa na simu hakuachwa, aliweza kutumia ya mume au ndugu.

Waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi walikuwa asilimia 44 kwenye kundi la simu na 31 kwenye kundi lingine. (Siku hizi Shirika la Afya Duniani linashauri mara nane, tangu 2016.) Waliojifungua mbele ya mhudumu mwenye ujuzi walikuwa 60 dhidi ya 47 katika kila 100. Na vifo vya watoto tumboni na siku za mwanzo baada ya kuzaliwa vilikuwa 19 kwa kila 1,000 kwenye kundi la simu, 36 kwenye lingine.

Ila kwenye suala la kujifungua, faida ilionekana kwa akina mama wa mjini. Wa mashamba haikuwafikia. Fikiri mwenyewe: meseji inaweza kukuambia nenda hospitali, lakini haina magurudumu. Usiku wa manane, gari hakuna, hela hakuna, hata ujumbe uwe mzuri vipi utafika nao wapi?

Dalili za hatari zenyewe zijue, hata kama wewe ni mvulana, maana nyumbani kwenu yupo dada au mama. Kutokwa damu. Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Uso na mikono kuvimba. Degedege. Homa kali. Chupa kuvunjika kabla ya wakati. Mtoto kuacha kucheza tumboni. Mojawapo ikitokea msingoje asubuhi, ni hospitali moja kwa moja.

Meseji iliyobeba nauli

Kuhusu hayo magurudumu, Tanzania ina kisa kizuri. Mwanamke akishikwa na uchungu siku mbili tatu bila msaada, hasa msichana ambaye nyonga zake hazijakomaa, kichwa cha mtoto kinabana nyama zilizo kati ya uke na kibofu. Damu haipiti hapo, nyama zinakufa, panabaki tundu. Hiyo ndiyo fistula. Mkojo unatoka wenyewe mchana na usiku, na pengine choo pia. Mara nyingi mtoto naye amefariki. Wengi huachwa na waume, wanalala chumba cha peke yao, hata kanisani au msikitini hawaendi kwa kuogopa harufu. Wengine huambiwa wamerogwa. Si kweli. Fistula ni jeraha, na kwa walio wengi linashonwa na kupona.

Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ilikuwa inatibu fistula bure, lakini wagonjwa hawakuwa wanafika kwa kukosa nauli. Mwaka 2009 ikaanza kutumia M-PESA. Mabalozi mikoani, baadhi yao wanawake waliokwisha kupona, wakimpata mgonjwa wanapiga simu hospitali. Ikithibitika, hela ya nauli inatumwa kwenye simu ya balozi, anamkatia mgonjwa tiketi ya basi. Mgonjwa akifika, balozi naye anapata ahsante yake kidogo, kwa simu hiyohiyo. Ujumbe huo haukuwa na mawaidha hata kidogo. Ulikuwa na nauli.

Wewe unaingiaje hapa?

Unaingia sana tu. Katika nyumba nyingi msomaji wa simu ni mwanafunzi. Bibi anakuita, "Hebu njoo unisomee hii." Shangazi haoni vizuri. Dada hakupata shule. Kwa hiyo wewe ndiye karani wa siri za watu, upende usipende.

Basi msomee mwenyewe, pembeni, si sebuleni mbele ya wageni. Usiongeze wala usipunguze neno; kama imeandikwa "Jumanne saa 2 asubuhi" soma hivyo. Usiulize "kwani unaumwa nini?" Asipotaka kusema, imetosha. Akikuomba ufute, futa. Na ukitoka hapo usimwambie hata rafiki yako wa damu.

Uwe mwangalifu zaidi kama nyumba ina kipigo. Kuna mwanamke ambaye simu ikilia saa mbili usiku lazima ajieleze kwa mume. Ndiyo maana miradi mizuri humuuliza kwanza: tukutafute saa ngapi, kwa namba ipi? Mwanafunzi, kama anayepigwa au kuguswa vibaya ni wewe, namba 116 ni ya simu ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya, na hukatwi hela.

Halafu kuna matapeli. Meseji ikisema ni ya hospitali na inataka namba ya siri ya M-PESA, hiyo si ya hospitali. Mwonyeshe nesi kituoni.

Kazi ya klabu ya afya

1. Kwa nini nesi wa WelTel aliwapigia simu hata wasiojibu? Taja sababu tatu zinazoweza kumfanya mgonjwa anyamaze.

2. Kijijini kwenu au mtaani kwenu, mjamzito akipata dalili ya hatari saa nane usiku, nani ana gari au pikipiki? Namba yake mnayo? Nendeni mkaulize, mrudi na jibu.

3. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Andika meseji isiyozidi hapo ya kumkumbusha mama siku yake ya kliniki. Kisha mpe mwenzako aisome kana kwamba ameokota simu hiyo njiani. Amejua nini kuhusu mwenye simu?