Ndege Hushuka Eldoret Zimejaa, Mbona Hupaa Tupu?

Kwa miaka mingi wakaazi wanaoishi karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret wameona jambo moja likijirudia. Ndege ya mizigo hutua ikiwa na shehena ya nguo, simu na vifaa vya elektroniki kutoka nchi za Ghuba. Mizigo hushushwa, hukaguliwa na forodha, hupakiwa kwenye malori. Kisha ndege hiyo hupaa bila kitu na kuelekea Nairobi kuchukua maua na mboga. Wakati huohuo mkulima wa maua wa Uasin Gishu, Nandi au Trans Nzoia anapakia mazao yake kwenye lori yasafiri zaidi ya kilomita 300 kwa barabara hadi Nairobi, yakapande ndege huko. Somo la toleo hili linaeleza kwa nini hali iko hivyo, na ni sehemu gani inaweza kubadilishwa kutoka hapa kaunti.

Uwanja wenyewe uko kama kilomita 16 kusini mwa jiji, kando ya barabara ya kwenda Kapsabet. Ulifunguliwa mwaka 1997, na wakati ule ulizua mjadala mkali nchini kuhusu kama eneo hili lilihitaji uwanja mkubwa kiasi hicho. Mjadala huo umepoa. Abiria wanaokwenda Nairobi wamezoea kuutumia, wanariadha wetu hupitia hapo kwenda na kurudi, na forodha ina kazi. Kilichobaki ni swali la mizigo inayotoka.

Kwanza neno lenyewe, “kimataifa”. Watu wengi hudhani uwanja huitwa wa kimataifa kwa sababu ni mkubwa. Sivyo. Chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosimamia usafiri wa ndege za kiraia duniani, ndege inayotoka nchi nyingine inaweza kutakiwa itue kwenye uwanja ambao serikali imeuteua kuwa na forodha. Kwa hivyo kinachofanya uwanja uwe wa kimataifa ni watu na ofisi: maafisa wa ushuru wa KRA, maafisa wa uhamiaji, maafisa wa afya wanaozuia magonjwa kuvuka mpaka, na wakaguzi wa mimea wa KEPHIS ambao bila cheti chao hata shada moja la maua halipokelewi Ulaya. Ofisi hizo zikiwepo, uwanja mdogo unaweza kuwa wa kimataifa. Isiolo ni mfano. Uwanja wake, uliofunguliwa mwaka 2017 mpakani mwa Isiolo na Meru, unaitwa wa kimataifa ilhali njia yake ya kurukia ndege ina urefu wa kama kilomita 1.4 tu. Jina halikuleta ndege kubwa, kwa kuwa ndege kubwa haiwezi kutua hapo.

Eldoret haina shida hiyo. Njia yake ina urefu wa kilomita 3.5, ndefu kuliko ya Mombasa. Hapa ndipo wengi hushangaa: kama Mombasa yenye njia fupi inapokea ndege kubwa za watalii na kuzirudisha Ulaya zikiwa zimejaa, Eldoret inakosa nini?

Inakosa hewa nzito. Mombasa iko karibu sawa na bahari. Uwanja wa Eldoret uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban moja ya tano. Wanariadha hufaidika na hewa hiyo kwa sababu miili yao huzoea kufanya kazi na oksijeni kidogo. Ndege haizoei. Bawa hubebwa na hewa inayopita chini na juu yake, na hewa ikiwa nyepesi, ndege lazima ikimbie kasi zaidi, karibu sehemu moja ya kumi zaidi, kabla haijainuka. Injini nayo hupumua hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hivyo nguvu yake hupungua. Kasi kubwa zaidi kwa nguvu ndogo zaidi maana yake ni kukimbia masafa marefu zaidi ardhini.

Wahandisi wa viwanja vya ndege wana kanuni ya kukadiria jambo hili, na si ngumu kuifuata kwa kalamu na karatasi. Kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari, urefu wa njia unaohitajika huongezwa kwa asilimia 7. Kisha kwa kila nyuzi moja ya joto iliyozidi joto la kawaida la kimo hicho, huongezwa asilimia 1 nyingine.

Chukua ndege inayohitaji mita 2,000 ili ipae ikiwa na mzigo, kwenye usawa wa bahari na joto la nyuzi 15. Iletwe Eldoret. Mita 2,100 ukizigawa kwa 300 unapata 7, na 7 mara asilimia 7 ni asilimia 49. Tayari ndege hiyo inahitaji mita 2,980. Sasa ongeza joto. Joto la kawaida kwenye kimo cha Eldoret, kwa hesabu za anga, ni kama nyuzi 1 tu. Mchana wa jua kali wa Februari hufika kama nyuzi 25. Tofauti ni nyuzi 24, yaani asilimia 24 ya mita 2,980, na jumla inafika karibu mita 3,700. Njia ya Eldoret ina mita 3,500. Ndege ileile ambayo Mombasa ingepaa bila wasiwasi, hapa ingemaliza lami kabla haijainuka.

Rubani hawezi kubahatisha jambo kama hilo. Anachofanya ni kupunguza uzito, na uzito wa ndege ya mizigo uko katika vitu viwili, mafuta na shehena. Akipunguza mafuta hafiki mbali. Akipunguza shehena hapati faida. Ndege inayotua haina shida hiyo, maana imeshachoma mafuta mengi njiani, na kutua kwenyewe huhitaji masafa mafupi kuliko kupaa na mzigo mzito. Ndiyo maana inaweza kuja imejaa na isiweze kuondoka imejaa. Ikiwa tupu, na mafuta kidogo ya kufika Nairobi tu, inapaa bila shida. Nairobi nako ni juu, kama mita 1,600, lakini njia ya Uwanja wa Jomo Kenyatta inazidi kilomita 4. Ukirudia hesabu ileile kwa kimo cha Nairobi utaona ndege yetu ya mfano inapata nafasi na inabakiza.

Kutokana na hesabu hizi, wito wa kurefusha njia ya Eldoret umesikika mara nyingi. Ni wito wa haki. Lakini kuna jambo ambalo halisemwi sana mikutanoni, nalo ni saa. Joto la nyuzi 25 ni la mchana. Alfajiri Eldoret hushuka hadi kama nyuzi 12. Tofauti na joto la kawaida inakuwa nyuzi 11 badala ya 24, na ndege ileile sasa inahitaji kama mita 3,300. Njia iliyopo inatosha. Ni makadirio, bila shaka. Rubani hutumia majedwali ya mtengenezaji wa ndege yake, upepo wa siku hiyo na hali ya lami. Ndege kubwa kuliko ya mfano wetu bado ingelazimika kuacha sehemu ya mzigo. Hata hivyo inaonyesha kwamba kwa ndege nyingi za kadiri, kupaa alfajiri na mzigo wa maana kunawezekana hata kabla ya kumwagwa tani moja ya lami mpya.

Ikiwa ni hivyo, mbona hazipakii? Kwa sababu mzigo wenyewe haupo uwanjani saa hiyo.

Ndege ndogo ya mizigo hubeba kama tani 20. Zile kubwa kabisa hubeba zaidi ya tani 100. Mwenye ndege hataki kusikia kwamba eneo hili lina mazao mengi. Anataka kujua kama usiku wa Jumanne na usiku wa Ijumaa, kila wiki, kutakuwa na tani 20 zilizokaguliwa, zilizopoa, zilizofungwa vizuri na zenye stakabadhi. Akikosa wiki mbili mfululizo atarudi Nairobi, ambako shehena humsubiri kila siku. Mkulima mwenye robo ekari ya mishiri hawezi kutoa ahadi ya namna hiyo peke yake. Chama cha ushirika kinaweza, na hasa vyama kadhaa vya kaunti jirani vikipanga pamoja.

Tena si kila zao linafaa kupanda ndege. Mahindi, ambayo ndiyo sifa ya eneo hili, hayatasafirishwa kwa ndege hata siku moja, maana nauli ingezidi bei ya gunia. Maparachichi nayo kwa kawaida huenda kwa meli kupitia Mombasa ndani ya makontena ya baridi. Kinachofaa ndege ni kile chenye bei nzuri kwa kilo na kisichoweza kungoja: maua, mishiri, karakara, viungo vya majani. Mkulima anayeambiwa kwamba uwanja wa ndege utamtajirisha aulize kwanza analima nini.

Na vitu hivyo havivumilii joto. Waridi lililokatwa hutakiwa lishushwe hadi nyuzi 2 mpaka 4 mapema iwezekanavyo, na libaki hapo hadi litue ng’ambo. Kila saa linayokaa kwenye jua kando ya barabara ya vumbi hupunguza siku za kuishi kwake kwenye chombo cha mnunuzi. Ghala baridi karibu na shamba, lori lenye baridi, barabara ya mashambani isiyokwama msimu wa mvua, na chumba baridi uwanjani ni mnyororo mmoja, na pingu moja ikikatika mzigo hukataliwa.

Faida ya kujaza ndege zinaporudi haiishii kwa mkulima. Ndege inayokuja imejaa na kurudi tupu, gharama ya safari zote mbili hubebwa na mzigo wa kuja. Mfanyabiashara wa nguo hapa mjini anailipia ndege hiyo safari ya kwenda na kurudi, na mteja wake humlipia yeye.

Ni sehemu gani ya haya iko mikononi mwa kaunti? Jedwali la Nne la Katiba liliweka usafiri wa ndege kwa serikali ya kitaifa. Uwanja unaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, KAA, na usalama wa anga unasimamiwa na KCAA. Haki za mashirika ya kigeni kutua nchini hujadiliwa baina ya serikali na serikali. Kaunti haiwezi kurefusha njia wala kuita ndege. Lakini Jedwali hilohilo liliipa kaunti kilimo, barabara za kaunti, masoko, mipango ya ardhi na uzoaji taka. Kati ya shamba na lango la uwanja, karibu kila pingu ya ule mnyororo wa baridi ni kazi ya kaunti.

Hata taka zinahusika. Jaa la wazi huita korongo na kunguru, na ndege wa angani akiingia ndani ya injini wakati wa kupaa, hatari yake ni kubwa. Anayejenga nyumba ya ghorofa au mnara karibu na uwanja naye anatakiwa apate idhini ya KCAA kuhusu urefu, mbali na kibali cha ujenzi cha kaunti. Wengi hujua cha kaunti tu.

Ikitokea siku moja njia ikarefushwa na mashamba ya jirani yakahitajika, wenye ardhi wana haki wanazopaswa kuzijua mapema. Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka fidia ya haki, tena ilipwe kwa haraka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka Tume ya Kitaifa ya Ardhi ichapishe ilani katika gazeti rasmi la serikali, na isikilize wenye ardhi katika kikao ambacho hakiwezi kufanyika kabla ya siku 30 kupita tangu ilani hiyo. Anayepinga kiasi cha fidia anaweza kwenda kwenye jopo la rufaa la utwaaji ardhi. Mwenye shamba ambalo hati bado ina jina la babu aliyefariki ndiye huteseka zaidi katika vikao hivi, maana fidia haiwezi kulipwa mpaka urithi usuluhishwe, na hilo huweza kuchukua miaka. Kazi ya kurithisha inaweza kuanza leo bila kungoja ilani yoyote.

Ghala baridi na barabara za mashambani huingia kwenye bajeti kupitia mpango wa maendeleo wa kila mwaka, ambao sheria inataka uwasilishwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Vikao vya maoni ya umma katika wadi hutangulia tarehe hiyo, na vyama vya ushirika vinaweza kuwasilisha mapendekezo yao kwa maandishi.