Dondoo muhimu: Patana bei ya chumba kabla ya kufika Kisumu

Tovuti ya Priceline ya Marekani ilipoanzisha mnada wake mwaka 1998, mteja alitaja bei, akatoa kadi, ndipo akajua jina la hoteli. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa anayepitia Kisumu kwenda Asembo Bay, mtandao unafaa zaidi kwa kuonyesha bei. Ukishaiona, pigia mapokezi simu upatane nao. Hoteli hulipa kamisheni kwa chumba kinachouzwa mtandaoni, hivyo ukinunua moja kwa moja kuna pa kukupunguzia, hasa ukilala siku kadhaa. Uliza kama kiamshakinywa kimo.

Wapo watakaosema mtandao una risiti, simu haina. Ni kweli, kwa hiyo omba uthibitisho kwa WhatsApp, na ulipe kupitia Lipa na M-Pesa yenye jina la hoteli, kamwe si kwa nambari ya mtu binafsi. Kagua ramani pia: “karibu na ziwa” yaweza kuwa Dunga, hapo Kisumu, au mbali kabisa, kaunti ya Siaya. Ila kukiwa na mkutano mkubwa, kama ule wa Africities uliofanyika Kisumu Mei 2022, usingoje punguzo. Shika chumba mapema.