SOMO: MAMA, JUA UDONGO WA BUSTANI YAKO



Mtoto anapona bwaki hapa hospitali, anarudi nyumbani, kiisha miezi michache tunamwona tena kwenye mizani, uzito umeshuka. Si dawa iliyokosa; ni maharagi na lengalenga ndivyo vilikosa sahanini. Pengine mama alipanda, lakini mbegu zilioza ao zilikauka. Basi leo tujifunze udongo.

Udongo ni wa namna gani?

Mchanga, kama ule wa kando ya ziwa Tanganyika, una chembe kubwa. Maji yanapita upesi kati yao, na mmea unabaki na kiu.

Udongo wa mfinyanzi, ule unaoteleza kwenye vilima vya Bukavu wakati wa mvua, una chembe ndogo sana. Unashika maji siku nyingi, lakini hewa haipati nafasi. Mizizi nayo inapumua kama sisi. Ikikosa hewa, maharagi na muhogo vinaoza.

Jaribu mwenyewe

1. Lowanisha udongo kidogo, uuviringishe mkononi. Ukivunjika mara moja, ni mchanga. Ukifanya kamba unayoweza kukunja kama pete, ni mfinyanzi. Kamba ikikatika unapoikunja, ni udongo wa katikati, ulio mzuri kupita yote.

2. Chimba shimo, kina chake toka vidole mpaka kiwiko. Ulijaze maji, yakiisha, jaza tena. Kama kesho yake maji yangali mule, usipande maharagi pale. Kiisha lifukie shimo, mbu wasizae humo.

Ufanye nini?

Kwenye mchanga: changanya mbolea ya majani yaliyooza na samadi ya mbuzi iliyokaa sana. Funika udongo kwa majani makavu. Mwagilia kidogo kidogo, asubuhi na jioni.

Kwenye mfinyanzi: inua matuta, chimba mifereji katikati yake, tia mbolea ile ile. Usitie mchanga kidogo ukifikiri unasaidia: udongo utakuwa mgumu kama tofali. Pale panapobaki maji, panda mateke.

Lengalenga utaanza kuchuma kiisha majuma matatu ao manne. Pika na mafuta kidogo ya mawese, mwili wa mtoto upate vitamini A sawasawa. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka bustanini, maana udongo una mayai ya minyoo.

Maswali

1. Sababu gani maharagi yanaoza kwenye mfinyanzi?
2. Udongo wa kwako ukoje? Ujaribu, utuambie siku ya kupima watoto.